Ufunguo wa Tatu Uko Pugu

Wengi mmeniuliza kwa nini cherehani yangu iko barazani nyumbani na siyo kwenye fremu ya duka, na mmeniuliza kwa sauti ya mtu anayejua tayari. Hamjui. Nimechoka kusimulia vipande vipande bombani, kwa hiyo nimeandika yote. Someni, mpeane.

Mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita, laki tatu na sitini, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Nilikuwa na laki na kumi, mbali na nauli. Baba Nasri yuko Tunduma anatafuta, na amekuwa akitafuta tangu mtoto hajaota jino. Sasa Nasri ana meno sita.

Kukopa hapa mtaani sikutaka. Wale wa kausha damu mnawajua, wanakupa leo na kesho asubuhi wako mlangoni na daftari. Wote tuliona walivyolibeba godoro la jirani yetu mtoto akiwa amelala juu yake. Walimshusha kwanza, wakamlaza kwenye kanga, wakasema samahani. Ile samahani iliniudhi kuliko godoro lenyewe.

Mie nilikuwa na kikoba changu, Kigamboni ndani kabisa, kijiji anachoishi mama yangu mdogo, Zuhura. Kijiji sikitaji, wenyewe wanajijua. Mamdogo ndiye aliyeniingiza mwaka jana. Alisema shamba watu wanajuana, hawachukuliani magodoro. Kila wiki nikawa namtumia elfu mbili kwa simu aninunulie hisa, mwaka mzima, hata wiki ambazo mie na Nasri tulikula uji mchana na jioni. Mwanachama anakopa mara tatu ya hisa zake. Laki mbili na nusu ilikuwa haki yangu, sikuwa naenda kuomba msaada. Shikeni hilo mkisoma.

CHAMAZI MPAKA KONGOWE

Niliondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, Nasri mgongoni, mkononi mfuko mkubwa wenye sketi mbili za sare na shati moja. Nilizibeba ili wanakikoba waone kwa macho kwamba nafanya kazi, sitafuti hela ya dera la harusi.

Mvua ilikuwa imenyesha na barabara yetu mnaijua. Bajaji ilizima kwenye dimbwi hata Rangi Tatu hatujafika. Dereva akashuka, akakunja suruali, akautazama mfuko wangu.

"Sista, umegombana na bwana?"

"Sukuma bajaji."

"Nauliza kwa sababu juzi nilimbeba mmoja hivyohivyo, mtoto na begi. Jioni mumewe akaja kijiweni kunitafuta na panga."

"Wa kwangu yuko Tunduma. Mpaka afike na hilo panga utakuwa umeshazeeka."

Alicheka, ila hakusukuma. Nilisukuma mie, na mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Tulipofika akadai nauli kamili. Nikampa nusu. Akazihesabu, akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini bwana yuko Tunduma."

Kongowe nilikaa karibu saa nzima kutafuta bodaboda anayekubali kuingia ndani. Wote walikuwa wanayaangalia matope yangu na kusema njia hiyo leo hapana. Nikanywa chai na chapati kwa mama mmoja mwenye jiko pembeni ya kituo. Chapati yake nzuri, laini, ina vitunguu. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia kikobani.

"Ahaa. Alhamisi wengi wanapita hapa kwenda huko," akasema. "Wakirudi wananikopa chai."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa biashara.

KIKAO

Nilifika saa nne na robo. Kikao kilianza saa nne. Wanakutana kwenye banda la bati nyuma ya duka, wanawake kama thelathini, kila mtu kwenye benchi kwa namba yake. Mie ni namba ishirini na saba, na mahali pangu palikuwa pamekaliwa na mfuko wa mahindi ya mtu.

Kabla sijakaa katibu akasema, "Faini ya kuchelewa, mia tano."

Nikalipa. Nikasema, "Samahanini, asalaam aleikum."

"Faini. Hapa tuna salamu yetu. Mia tano."

Nikalipa. Nasri akaanza kulia, mie nikamwangalia katibu, katibu akamwangalia Nasri. Nadhani alikuwa anatafuta kama kipo kifungu. Mamdogo akamchukua mtoto haraka akatoka naye nje.

Mwenyekiti ni Mama Salma, mwanamke mkubwa, sauti ya upole, macho yake kila wakati yako juu ya kichwa chako kidogo. Alinisimamisha mbele nieleze mkopo wa nini. Nikaeleza fremu, nikaonyesha sketi. Sketi zikapita benchi kwa benchi, wanazivuta pindo, wanazinusa. Mmoja akauliza kama naweza kumshonea kwa mkopo.

"Na mume anajua?" akauliza Mama Salma.

"Anajua nini? Kwamba naishi?"

Wakacheka wote, na nikatozwa faini ya kujibu kiongozi vibaya. Hiyo ilikuwa elfu moja. Lakini walipitisha. Mikono ilinyooshwa, Mamdogo akadhamini, katibu akaandika.  Hela yangu ilikuwa hatua tatu kutoka nilipo.

Sanduku lao ni la chuma, la kijani, kama yale ya wanafunzi wa bweni, na lina makufuli matatu. Kila kufuli ufunguo wake, kila ufunguo mtu wake. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo, kwamba asiibe mmoja. Mwenyekiti anashika wa kwanza. Wa pili anashika Bi Mwasiti, mama wa makamo anayetembea kama anahesabu mchanga. Wa tatu anashika Mama Neema.

Mama Salma akafungua lake. Bi Mwasiti akafungua lake. La tatu likabaki limefungwa.

"Mama Neema amepata msiba Pugu," akasema Mama Salma. "Shemeji yake. Itabidi Alhamisi ijayo, mwanangu."

Niliwaambia kodi mwisho kesho. Wakanisikitikia. Nikasema basi nipeni kwenye hizi hisa zilizokusanywa leo, hizi hapa kwenye sahani. Katibu akasema hela haitoki kabla haijaingia sandukuni. Nikauliza sasa zinalala wapi kama sanduku halifunguki. Mama Salma akazikunja kwenye kanga yake taratibu, akasema, "Zinalala kwa mwenyekiti, kama siku zote."

Kama siku zote. Nililisikia neno hilo na likanipita, kwa sababu kichwani nilikuwa na fremu tu. Najilaumu mpaka leo.

"Basi naufuata Pugu," nikasema. "Mie si mwanachama? Nikiuleta kesho asubuhi mtafungua?"

Wakatazamana. Katibu akafungua katiba yao, daftari la mistari lililovimba kwa mvua, akasoma: mkopaji hashiki ufunguo. Lazima aongozane na mshika ufunguo mwingine, na nauli na chakula ni juu ya mkopaji.

"Nani anakwenda naye?" akauliza Mama Salma.

Bi Mwasiti akainua mkono polepole sana.

NA BI MWASITI, MPAKA CHAMAZI

Kabla ya kuondoka Bi Mwasiti alikwenda kwake kubadili kanga. Akabadili, akaona hazifanani, akabadili tena. Halafu kulikuwa na ungo wa jirani ambao lazima urudishwe leo. Jirani hakuwepo, tukamsubiri. Alipokuja wakaanza kuulizana hali ya mtu mmoja mmoja katika nyumba zote mbili, wakamaliza na mbuzi.

"Bi Mwasiti, tunachelewa."

"Msiba haukimbii, mwanangu."

Kongowe akataka kuswali. Sawa, swala siizuii. Baada ya swala akasikia njaa. Tukakaa kwa yule mama wa chapati, akala tatu na maharage, akaomba na ya kufungashiwa, nikalipa. Yule mama alipomwona akasema, "Bi Mwasiti, na ile ya mwezi uliopita?" Bi Mwasiti akaniangalia. Nikalipa na ya mwezi uliopita.

Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba maziwa yalikataa kutoka, Nasri anavuta na kulia. Bi Mwasiti akamchukua, akamwimbia, akalala mara moja. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba mtu anayekula muda wako anaweza kuwa na mikono mizuri hivyo.

Kwenda Pugu kutoka huko lazima urudi upitie kwangu, Chamazi. Saa kumi jioni tukapita mbele ya fremu yangu, na mlango ulikuwa wazi. Nikasimamisha bajaji. Ndani alikuwepo mzee mwenye fremu na dada mmoja wa uwakala wa pesa za simu, wanapima ukuta. Wanapima kwa futi yangu. Futi kamba yangu ya njano, waliyoichukua juu ya meza yangu.

"Shikamoo mzee. Leo Alhamisi."

"Marahaba. Najua leo Alhamisi. Kupima ni dhambi?"

"Siyo dhambi. Naomba futi yangu."

Yule dada akanipa bila kunitazama usoni. Alikuwa amevaa dera nililolishona mie, mwezi wa Ramadhani, na mia tano ya vifungo hajanilipa. Nikaizungusha futi mkononi, nikaiweka kwenye mfuko, nikarudi kwenye bajaji. Bi Mwasiti akauliza, "Ndiyo hapo?" Nikasema ndiyo hapo. Akaifungua ile chapati ya kufungashiwa, akaifunga tena bila kuila. Ni mara ya kwanza siku hiyo kukataa chakula.

PUGU, MSIBANI

Nyumba tuliipata kwa turubai na sauti ya mapambio. Watu wa bara, Wakristo, wamejaa mpaka barabarani. Langoni meza, kwenye meza daftari la rambirambi, na nyuma ya daftari baba mwenye miwani.

"Poleni na safari. Majina?"

Nikasema hatukuja kwa... Bi Mwasiti akanikatiza. "Andika Mama Nasri. Elfu tano."

Elfu tano yangu. Nimeshafungua mdomo, bibi mmoja akatoka ndani, akaniona, akanivamia shingoni. Akalia kwamba nimefanana na marehemu pua na paji la uso. Akaita wenzake waje waone. Nikakumbatiwa na watu saba ambao siwajui, wananiambia nijikaze. Nililia kweli. Nilikuwa nalilia elfu tano, ila machozi hayaandikwi jina.

Nikauliza Mama Neema yuko wapi. Wakasema yuko chumbani na mfiwa, hatolewi sasa. Msibani mtu hakai bure, nikapewa sinia la mchele nichambue. Nikachambua. Sinia la pili. Nasri akabebwa na mabinti, akarudi amepakwa mchuzi mpaka masikioni. Chakula kilikuwa kizuri kusema ukweli, wali na maharage ya nazi na kipande cha nyama kilicholiwa kwa adabu. Bi Mwasiti alikula sahani mbili, akajinyoosha kwenye mkeka, akafumba macho. Hakuuliza habari ya Mama Neema hata mara moja.

Ndipo nikaanza kufikiri. Polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

Mama Neema nilimpata mwenyewe, jua linazama, ametoka uani kuchota maji kwenye pipa. Mama mwembamba, macho yamevimba. Nikampa pole, nikamwambia mie ni namba ishirini na saba, nimefuata ufunguo.

Akashusha ndoo. "Nani amekutuma?"

"Kikao. Nimekuja na Bi Mwasiti, yuko kwenye mkeka hapo mbele."

"Mwasiti amekuja mpaka huku?" Akashika ukuta. "Na hukuambiwa kitu njia nzima?"

"Nimeambiwa msiba haukimbii."

Mama Neema akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Sandukuni hakuna laki mbili na nusu. Hakuna hata laki. Mama Salma alijikopesha karibu zote, amenunua kiwanja na kuanza msingi. Akaahidi kurudisha kabla watu hawajajua. Wao wawili aliwapa kidogo kidogo wanyamaze, na walinyamaza. Sasa kila Alhamisi mtu akiomba mkopo mkubwa, mshika ufunguo mmoja anakosa. Wanapokezana. Leo huyu anaumwa, wiki ijayo yule ana msiba.

"Kwa hiyo huyu naye hajafa?" nikauliza, nikaonyesha turubai.

"Huyu amekufa kweli. Mume wa dada yangu. Wiki hii hata haikuwa zamu yangu, ilikuwa ya Mwasiti." Akafuta pua na kitambaa. "Mwaka huu nimeshazika shangazi wawili ambao wapo hai. Juzi mmoja kanipigia simu kunisalimia, nikaikata. Halafu kifo hiki. Nimekaa pale ndani nawaza, hiki ndicho nilichokiita."

Ningemhurumia. Labda siku nyingine nitamhurumia. Nilimwambia, "Elfu mbili kila wiki, Mama Neema. Mwanangu amekunywa uji usio na sukari ili nyie mpeane zamu."

 Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa ufunguo, akanitia mkononi. Ulikuwa wa moto kwa mwili wake.

"Mkopaji hashiki ufunguo," nikasema.

"Wewe hujakopa kitu."

Nikaenda kwenye mkeka. Bi Mwasiti alikuwa macho, ananisubiri.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Chapati zote zile ulijua."

"Mwanangu, nilikuwa naomba Mungu akucheleweshe yeye, nisikucheleweshe mie." Akajifunika kanga usoni. Nikamwambia nauli ya kurudi atajitafutia, na kesho yake asubuhi nikamwacha hapohapo, katikati ya watu wanaomwita shangazi.

KURUDI

Ijumaa saa tatu nilikuwa kwa mwenye fremu. Nilimpa laki na kumi kama ilivyo, nikamwomba wiki mbili. Alizitazama hela, akanirudishia.

"Mwenzako amelipa mwaka mzima," akasema. "Hata ningetaka."

"Ulisema saa kumi jioni."

"Nilisema. Naye akaja asubuhi."

Nyie wawili mlionisaidia kubeba cherehani mnajua yaliyofuata, siyarudii. Niwaambie tu kwamba yule dada alinisaidia kubeba meza, na mia tano ya vifungo hakutoa.

Nikampigia Mamdogo nikamweleza. Akaniambia nisimwaibishe, kwamba Mama Salma ndiye aliyemwosha bibi yangu alipofariki, kwamba mjini kumeniharibu ulimi. Akakata. Mamdogo amenunua hisa pale kwa miaka minne.

ALHAMISI ILIYOFUATA

Safari hii sikuchelewa. Nilifika saa tatu na nusu, nikakaa namba ishirini na saba, mfuko wa mahindi nikauweka chini. Bi Mwasiti alikuwepo, hakuniangalia. Mama Neema alikuja, amejifunga kitambaa cheusi.

Mama Salma hakuja. Katibu akasimama, akasema mwenyekiti amepata msiba Rufiji, ghafla.

Mama Neema akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu anayekohoa. Halafu akasimama, akasema yote mbele ya watu, na alipokwama Bi Mwasiti akamalizia.  Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima na matusi yangu nimeyapanga, yakakosa kazi.

Walileta msumeno wa chuma kutoka dukani. Kufuli la mwenyekiti likakatwa. Bi Mwasiti akafungua lake. Mie nikafungua la tatu. Ndani mlikuwa na daftari, mihuri ya hisa na kibweta chake cha wino, na elfu arobaini na moja. Wanawake thelathini wakainama kuangalia, kama watu wanaochungulia kisima.

Mamdogo akachukua kitabu chake cha hisa. Kila hisa wanagonga muhuri wa kuku. Akaanza kuhesabu kuku, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudia. Sikuweza kumwambia "nilikuambia". Nilikuwa nimelileta hilo neno tangu Chamazi, nikarudi nalo.

Sasa wameenda serikali ya mtaa, wameitana, wameandikishana. Mama Salma anasema kiwanja hakiuziki. Mtaniambia nyie kikiuzika.

Wale mnaoniuliza kama mjiunge na kikoba: sikatazi. Lakini usitume hela kwa simu ukakaa mjini. Nenda ukaone sanduku likifunguliwa, ukaone tena wiki inayofuata, na siku wakikwambia mmoja amepata msiba, uliza kaburi liko wapi.

Nashona barazani. Mvua ikija naburuta cherehani ndani. Sare za shule leteni, ila leteni na nusu ya hela, sikopeshi mtu. Usiku cherehani naifunga na mnyororo kwenye nguzo, na kufuli nililotumia ni lile la tatu, zima, halikukatwa. Niliondoka nalo siku ile pamoja na ufunguo wake, na hakuna aliyenitoza faini.

Juzi katibu alinipigia simu. Wamepata sanduku jipya, anauliza lini nitarudisha kufuli la kikundi.

Nimemwambia Alhamisi.